Homa Iliyopanda Meli

Neno mafua katika Kiswahili hubeba magonjwa mawili. Wa kwanza ni ule wa kamasi na chafya, unaomsumbua mtu siku tatu nne naye akiendelea na shughuli zake. Wa pili ni influenza: homa inayopanda ghafla, viungo vyote vikiuma kama vya mtu aliyepigwa fimbo, kichwa kikigonga, kikohozi kikavu, na uchovu unaobaki mwilini hata wiki mbili baada ya homa kushuka. Madaktari huutenga ugonjwa huu wa pili kwa kuuita homa ya mafua makali, lakini nyumbani na mitaani yote ni mafua. Jina hilo dogo limeuficha ugonjwa mkubwa. Kati ya Septemba 1918 na mwaka 1919 mafua yaliua Afrika Mashariki watu wengi kuliko risasi zote za vita ambavyo Waingereza na Wajerumani walikuwa wamepigana huko kwa miaka minne.

Influenza huletwa na virusi vinavyoshambulia pua, koo na mapafu. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza, virusi hutoka pamoja na matone madogo ya mate na makamasi, na aliye karibu huyavuta. Aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku 1 hadi 4, na huwa ameanza kuwaambukiza wengine siku moja hivi kabla homa haijampanda. Kwa wiki moja tu ugonjwa huwa umemaliza kazi yake ndani ya mwili mmoja, kwa hiyo hauwezi kuendelea kuwepo pasipo kumpata mtu mwingine haraka. Historia yake yote ni historia ya njia za watu: bandari, reli, kambi, masoko na shule.

Watu wa pwani wamezoea kuyahusisha mafua na mabadiliko ya majira, kusi inapoingia au kaskazi inapoanza kuvuma. Kwa karne nyingi pepo hizo ndizo zilizoendesha majahazi kati ya Mombasa, Zanzibar, Maskati na Bombay, na ni dhahiri kwamba jahazi halikuwa chombo kizuri cha kubebea influenza. Safari ilichukua wiki tatu, nne au zaidi, na mabaharia walikuwa wachache. Kama mmoja alipanda akiwa mgonjwa, chombo kizima kingeugua na kupona bahari ikiwa bado imewazunguka. Meli za mvuke ziliubadilisha mpango huo. Zilifupisha safari ile ile hadi chini ya wiki mbili, zikabeba mamia ya abiria na wanajeshi waliolala wamebanana sitahani na chini ya sitaha. Ugonjwa ukapata wagonjwa wapya kila siku mpaka nanga inatiwa.

Wazungu waliuona mwendo huo mpya mapema. Jina influenza ni la Kiitaliano, nalo linatokana na imani ya zamani kwamba homa hiyo ilitokana na mvuto wa nyota juu ya miili ya watu. Mwaka 1889 homa iliyoitwa ya Urusi ilionekana St Petersburg, ikafuata reli na meli, na katika miezi michache ilikuwa imeizunguka dunia. Njia zake zilikuwa za watu, si za nyota.

Homa ya mwaka 1918 ilirekodiwa kwanza mwezi Machi katika kambi ya jeshi ya Kansas, Marekani, ingawa asili yake halisi bado inabishaniwa. Wimbi la kwanza halikutisha sana. Magazeti ya nchi zilizokuwa vitani yalizuiwa kuandika habari za wanajeshi wagonjwa. Uhispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika, na kwa sababu hiyo tu ugonjwa ukabandikwa jina la homa ya Kihispania. Mwezi Agosti kirusi kilirudi kikiwa kikali kupindukia. Kikatokea karibu kwa wakati mmoja katika bandari tatu zilizohudumia vita: Boston, Brest na Freetown. Freetown kililetwa na meli ya kivita ya Uingereza, HMS Mantua, iliyofika katikati ya Agosti ikiwa na mabaharia wengi wagonjwa. Vibarua wa makaa ya mawe walikwenda kuihudumia kama walivyohudumia meli nyingine zote, jioni wakarudi kwao. Mwezi Septemba homa ikafika Cape Town, na ndani ya wiki chache Afrika Kusini ikazika watu wanaokadiriwa kufika 300,000.

Mombasa ilipokea homa hiyo mwezi huo huo wa Septemba, kwa meli zilizotoka India, nchi iliyopoteza watu wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kutoka bandarini njia zilikuwa zimeshatandikwa. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na pale meli za Ziwa Viktoria zilipokea abiria na mizigo kwenda Uganda. Wakati wa vita Waingereza walikuwa wamejenga reli nyingine kutoka Voi hadi Taveta na kuiunganisha na ile ya Wajerumani ya Tanga na Moshi. Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilikuwa imekamilika mwaka 1914. Njia hizi zilijengwa kwa ajili ya pamba, katani na bunduki, na homa ikazipita zote bila nauli. Kutoka kusini nako ilikuja kwa reli za Rhodesia, kisha kwa miguu ya wapagazi waliopita Nyasaland na mipaka ya Tanganyika.

Wapagazi hao wanastahili kutajwa kwa kirefu, kwa kuwa historia za vita huwapitia mbio. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pengi ambapo gari halikupita na mnyama wa mizigo aliuawa na mbung'o. Chakula, risasi na hema vilibebwa kichwani na wanaume waliochukuliwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu, kwa mamia ya maelfu. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na la Kariokor ya Nairobi, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Makumi ya maelfu yao walikuwa wameshakufa kwa kuhara, malaria na njaa kabla homa haijafika. Waliobaki walikuwa wamekonda, wamelala kambini bega kwa bega kwa miezi mingi. Ugonjwa ulipowakuta hapo, haukuhitaji kutafuta. Na vita vilipokwisha, walioweza kutembea walirudishwa makwao, wengine wakiibeba homa hadi vijiji ambavyo reli haikuvifikia.

Upande wa Wajerumani haukusalimika. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka tena mto Ruvuma mwishoni mwa Septemba 1918 likitokea Msumbiji, likapita Ungoni na nyanda za juu za kusini kuelekea Rhodesia Kaskazini. Njiani ugonjwa wa mapafu uliwashika askari na wapagazi wake, na wengi waliachwa nyuma. Jeshi hilo lilisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Baadhi ya walionusurika na vita vyote hivyo walikufa kwa homa kabla hawajafika nyumbani.

Hakuna aliyehesabu maiti kwa uhakika. Sensa haikuwepo, na maofisa waliotakiwa kuandika taarifa walikuwa vitani au vitandani. Kwa Tanganyika wanahistoria hukadiria vifo kati ya 50,000 na 80,000. Kwa Kenya makadirio hufika 150,000. Duniani kote makadirio yanayotumika sana ni watu milioni 50, na theluthi moja ya wanadamu wote inadhaniwa kuwa iliugua.

Jambo lililowatisha watu kuliko idadi ni nani aliyekufa. Mafua ya kawaida huwachukua watoto wachanga na wazee. Haya yaliwachukua pia wenye umri wa miaka 20 hadi 40, vijana wenye nguvu, wajawazito, baba na mama wa familia. Midomo na masikio yao yaligeuka buluu kwa kukosa hewa, na wengine walikufa siku ya pili au ya tatu. Katika maeneo yenye vuli, homa iliingia Oktoba na Novemba, wakati wa kulima na kupanda. Nyumba ambayo watu wote wamelala kwa pamoja haina wa kuteka maji, wa kuwasha moto wala wa kupika uji, na watu wengi ambao wangepona walikufa kwa kiu na udhaifu kwa sababu hiyo. Shamba lisilopandwa likaleta njaa ya mwaka uliofuata. Ugogoni, ambako majeshi yalikuwa yameshanyang'anya ng'ombe na nafaka na mvua zikakosekana, njaa ya miaka hiyo inakumbukwa hadi leo kwa jina la Mtunya.

Jamii za Afrika Mashariki hazikuikabili homa hiyo mikono mitupu. Zilikuwa na uzoefu wa karne nyingi na ndui. Mahali pengi mgonjwa wa ndui alijengewa kibanda nje ya kijiji, akahudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona. Watu wengine walichanja ngozi na kupaka usaha wa mgonjwa ili kujikinga, na kitenzi hicho cha kuchanja ndicho kilichokipa Kiswahili neno chanjo. Waislamu wa pwani walijua mafundisho ya Mtume kuhusu tauni, kwamba nchi yenye tauni isiingiwe na waliomo wasitoke. Maarifa hayo yalikuwa sahihi, lakini yalipimwa kwa ugonjwa mwingine. Ndui hukaa mwilini siku 12 hivi kabla ya dalili kuonekana, na mgonjwa wake huambukiza zaidi akiwa tayari anajulikana. Influenza huambukiza kabla haijajulikana. Kibanda kilipokwisha kujengwa, waliokijenga walikuwa wameshaambukizwa.

Kujifukiza kwa majani nako kulitumika, kama kunavyotumika bado. Mvuke wa mkaratusi au wa mchaichai hulainisha makamasi na kumpa mgonjwa nafuu ya kupumua, na hapo ndipo faida yake inapoishia, maana hauui kirusi. Hospitali za kikoloni hazikuwa na kilicho bora. Zilitoa kwinini, dawa ya malaria, isiyofanya kitu juu ya influenza. Zilitoa aspirini, na katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani aspirini hiyo ilitolewa kwa vipimo vilivyofika hadi gramu 30 kwa siku, wakati leo mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4. Baadhi ya watafiti wanaamini kwamba sumu ya aspirini ilichangia vifo. Mganga wa majani na daktari wa serikali walikuwa katika giza moja, ila dawa ya mganga haikuwa na madhara makubwa.

Lililofaulu mwaka 1918 lilikuwa kuzuia meli. Visiwa vya Samoa vilitoa mfano ambao hauna mwenzake. Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya New Zealand, iliiruhusu meli Talune kutia nanga tarehe 7 Novemba 1918 ikiwa na wagonjwa, na zaidi ya mkazi mmoja kati ya kila watano akafa. Samoa ya Marekani, umbali wa safari fupi tu ya bahari, ilifunga bandari kwa amri ya gavana wake John Poyer, wenyeji wakalinda fukwe wao wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa homa hiyo. Kwa Mombasa njia hiyo haikuwezekana: serikali iliyokuwa ikiendesha vita kupitia bandari hiyo isingeifunga.

Madaktari wa wakati huo walikwama pia kwa sababu walidhani wameshamjua adui. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alikuwa ametangaza kwamba influenza huletwa na bakteria aliyemkuta kwenye makohozi ya wagonjwa. Mwaka 1918 maabara kubwa zilitengeneza chanjo dhidi ya bakteria huyo, nazo hazikuzuia influenza. Bakteria walikuwepo kweli mapafuni, na wengi wa waliokufa waliuawa na nimonia iliyoletwa na bakteria hao, lakini walikuwa wageni wa pili. Aliyewafungulia mlango alikuwa mdogo mno kwa darubini za siku zile.

Njia ya kumfikia ilipitia kwa wanyama. Richard Shope, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 1931 kwamba mafua ya nguruwe huletwa na kitu kinachopenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Mwaka 1933, London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji yaliyosukutuliwa kooni na wagonjwa wa mafua, wakayachuja, wakayatia puani mwa feret, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Wanyama wakaugua homa na kupiga chafya. Miaka mitatu baadaye feret mgonjwa alimpigia chafya mtafiti kijana usoni, mtafiti akaugua, na kirusi kilichotolewa kooni mwake kikawa uthibitisho kwamba ugonjwa wa mnyama na wa mtu ulikuwa mmoja.

Hatua iliyofuata ilitegemea mayai ya kuku. Frank Macfarlane Burnet wa Australia alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba kirusi cha influenza hukua vizuri ndani ya yai lenye kijusi, na mpaka leo sehemu kubwa ya chanjo za mafua duniani hutengenezwa humo. Jeshi la Marekani, lililokumbuka makaburi ya mwaka 1918, lililipia utafiti wa Thomas Francis na Jonas Salk. Chanjo yao ilijaribiwa mwaka 1943 ikafanya kazi vizuri. Mwaka 1947 chanjo ya aina hiyo hiyo ilishindwa kabisa. Haikuwa imeharibika, kirusi ndicho kilichokuwa kimebadilika.

Kushindwa huko kulifundisha zaidi kuliko ushindi. Juu ya kirusi cha influenza kuna protini mbili ambazo kinga ya mwili huzitambua, hemaglutinini na nyuraminidasi, na ndizo zinazofupishwa kwa herufi H na N katika majina kama H1N1. Kirusi kinapojinakili hukosea, na makosa hayo hubadilisha sura ya protini hizo kidogo kidogo, mpaka kinga ya mwaka juzi haikitambui tena. Hii ndiyo sababu mtu huugua mafua mara nyingi maishani, na ndiyo sababu chanjo hutolewa kila mwaka. Kuna pia badiliko la ghafla. Kirusi kina vipande 8 vya vinasaba, na virusi vya mtu na vya ndege, hasa vya bata mwitu, vikikutana katika mnyama mmoja vinaweza kubadilishana vipande. Hapo hutoka kirusi kipya ambacho karibu hakuna mwanadamu mwenye kinga nacho. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1957 na tena mwaka 1968, na kila mara watu milioni moja hivi walikufa.

Kirusi cha mwaka 1918 chenyewe kilipatikana kaburini. Brevig Mission, kijiji cha Alaska, kilikuwa na watu wazima 80, na mwezi Novemba 1918 walikufa 72 kwa siku tano. Walizikwa katika ardhi isiyoyeyuka barafu. Mwaka 1951 mwanafunzi Johan Hultin aliomba ruhusa ya wazee wa kijiji akachimba, lakini kirusi hakikuoteka maabara. Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 72, alirudi, akaomba ruhusa tena, na kipande cha pafu la mwanamke mmoja kikamwezesha Jeffery Taubenberger na wenzake kusoma vinasaba vyote, kazi iliyokamilika mwaka 2005. Vizazi vya kirusi hicho bado vinazunguka. Kile cha H1N1 kilichoanza Amerika ya Kaskazini mwaka 2009, na kutangazwa janga la dunia tarehe 11 Juni, kina damu yake.

Tiba ya leo imepiga hatua fupi kuliko kinga. Mgonjwa mwenye nguvu huhitaji kupumzika, kunywa maji mengi na kutuliza homa kwa parasetamoli. Watoto hawapewi aspirini, maana inaweza kuwadhuru ini na ubongo. Antibiotiki haziui virusi, na kuzimeza kwa kila chafya ni kuziharibu kwa siku zitakapohitajika kweli, yaani nimonia ya bakteria ikizuka. Tangu mwaka 1999 ipo oseltamivir, inayokizuia kirusi kutoka kwenye seli, nayo hufaa zaidi ikianza kutumiwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Anayepumua kwa shida, anayeumwa kifua, anayechanganyikiwa au ambaye homa yake imeshuka kisha ikarudi kwa nguvu anatakiwa kufikishwa hospitali bila kungoja kupambazuke.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wajawazito, wazee, na wenye pumu, kisukari, VVU au ugonjwa wa moyo. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba ugonjwa huu ni wa nchi za baridi. Ufuatiliaji ulioanza Kenya mwaka 2006, na Tanzania muda mfupi baadaye, ulionyesha kwamba karibu na ikweta virusi hivyo huzunguka karibu mwaka mzima na huwajaza watoto wodini, ilhali vipimo vikikosekana homa yao huandikwa malaria au nimonia tu. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wataalamu huchagua virusi vya kutiwa katika chanjo, kwanza kwa ajili ya kaskazini ya dunia, kisha kwa ajili ya kusini. Hata hivyo chanjo hiyo haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Kenya, Tanzania wala Uganda. Wengi wanaoipata ni mahujaji, wahudumu wa afya wachache na wenye uwezo wa kuinunua. Ni kasoro kubwa, miaka zaidi ya 80 tangu jaribio la Francis na Salk.

Kwa wasioifikia chanjo zimebaki kinga za zamani: madirisha wazi, mikono iliyooshwa, barakoa, na mgonjwa kubaki nyumbani. Nguvu ya kinga hizo ilipimwa bila kukusudiwa mwaka 2020, nchi zilipofunga viwanja vya ndege na shule kwa sababu ya UVIKO-19. Mafua yalikaribia kutoweka duniani kwa miezi mingi. Aina nyingi zilirudi safari zilipofunguliwa, lakini aina moja ya influenza B, iitwayo Yamagata, haijathibitishwa kuonekana tena tangu Machi 2020, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe katika chanjo.